Mabawa yanayobadili umbo angani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwani mabawa ya ndege za sasa hayabadiliki?

Yanabadilika. Ukikaa dirishani nyuma ya bawa wakati wa kutua utaona flapu, yaani vibao vya ukingo wa nyuma, zikitoka nyuma na kuinama, slati za ukingo wa mbele zikisogea mbele, na vibao vya juu vikiinuka mara tu magurudumu yanapogusa ardhi. Lakini hivyo vyote ni vipande vigumu vilivyofungwa kwenye bawaba na reli. Kila kipande kinaposogea huacha mwanya na pembe kali, na hewa inayopita hapo huchafuka. Inapiga kelele na inaongeza ukinzani. Zile ganda ndefu zinazoonekana chini ya mabawa ya ndege kubwa, zenye umbo la mtumbwi, zimewekwa kufunika reli na mitambo ya flapu. Zinabebwa safari nzima kwa ajili ya kazi ya dakika chache za kuruka na kutua.

Kuna shida nyingine ambayo abiria haioni. Bawa la kawaida huchorwa liwe bora kwa hali moja hasa: kasi fulani, mwinuko fulani, uzito fulani. Ndege ya masafa marefu inaweza kuondoka na mafuta yanayokaribia asilimia 40 ya uzito wake wote. Saa kumi na mbili baadaye ni nyepesi mno kuliko ilivyokuwa, lakini bawa ni lilelile. Rubani hupandisha ndege ngazi kwa ngazi kadiri mafuta yanavyopungua, na hiyo husaidia, ila muda mwingi bawa huwa linafanya kazi pembeni kidogo ya hali liliyochorewa.

Kwa hiyo "kubadili umbo" maana yake nini hasa?

Ni uso wa bawa kujipinda wenyewe, bila mwanya wala bawaba inayoonekana, hewa ikiendelea kuteleza juu yake. Mambo matatu ndiyo hufanyiwa kazi zaidi: mpindo wa bawa kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, msokoto wake kutoka shinani hadi nchani, na urefu au mkao wa ncha zake. La kwanza ndilo lenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Kuinamisha ukingo wa nyuma kwa digrii moja au mbili wakati wa safari kunatosha kuleta tofauti ya mafuta inayopimika. Boeing 787 na Airbus A350 tayari hufanya jambo la aina hiyo kwa kusogeza flapu zao za kawaida kidogo sana zikiwa kwenye mwinuko wa safari. Watafiti wa nyenzo wanataka kufanya hivyo kwa uzuri zaidi na bila ya zile reli.

Wazo hili ni jipya?

Hapana, lilikuwepo tangu mwanzo wa ndege zenye injini. Ndege ya ndugu Wright iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903 ilikuwa na mabawa ya mbao na kitambaa ambayo yalisokotwa kwa nyaya. Rubani alilala kifudifudi, nyonga zake zikiwa kwenye kitanda kidogo cha kuteleza. Akisogeza nyonga kushoto au kulia, nyaya ziliyavuta mabawa yakasokoteka na ndege ikalala upande alioutaka.

Kasi ilipoongezeka, bawa laini likawa hatari. Hewa yenyewe ilianza kulisokota, wakati mwingine kinyume na alivyotaka rubani. Wahandisi wakachagua bawa gumu lenye vipande vya kusogea, na uamuzi huo ndio tunaoruka nao hadi leo.

Majaribio hayakuisha. Ndege za kivita kama F-14, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1970, zilikuwa na mabawa mazima yanayorudi nyuma kwa ajili ya mwendo wa kasi. Yalifanya kazi vizuri, lakini kila bawa lilining'inia kwenye egemeo moja lililobeba mzigo wote, na uzito wa chuma uliohitajika hapo ulikula sehemu kubwa ya faida. Kati ya 1985 na 1988, NASA na jeshi la anga la Marekani waliirusha F-111 iliyokuwa na kingo zinazojipinda chini ya ngozi laini ya nyuzi za kioo. Hewa ililipenda bawa lile. Mafundi, ukizingatia msitu wa mitambo ya haidroliki uliokuwa ndani yake, nadhani hawakulipenda kiasi hicho.

Kompositi ni nini, na kwa nini inatajwa kila mara?

Kompositi ni nyenzo iliyotengenezwa kwa vitu viwili au zaidi vinavyobaki vitu tofauti hata baada ya kuunganishwa. Kwenye ndege huwa ni nyuzi za kaboni zilizoshikwa na resini, yaani gundi ya polima inayogeuka ngumu ikiokwa. Takribani nusu ya uzito wa muundo wa 787 ni kompositi, na kwa A350 ni asilimia 53.

Watu husifu wepesi wake, lakini kwa mada yetu sifa muhimu zaidi ni kwamba kompositi ina mwelekeo. Tabaka moja la nyuzi za kaboni zilizolala upande mmoja huwa gumu mara kumi au zaidi kwa kufuata nyuzi kuliko kwa kuzikata, kama ubao ulivyo na nguvu kwa kufuata mistari yake na hupasuka kirahisi kando yake. Mhandisi anapopanga tabaka moja digrii 0, lingine 45, lingine 90, anakuwa anaamua bawa liwe gumu wapi na lilegee wapi. Alumini haikupi uhuru huo. Uiviringishe utakavyo, inakuwa ngumu kwa kiasi kilekile kila upande.

Uhuru huo pekee, bila umeme wala mota, unaweza kulifanya bawa lijirekebishe. Ndege ya majaribio Grumman X-29, iliyoruka kwa mara ya kwanza Desemba 1984, ilikuwa na mabawa yanayoelekea mbele. Kwa bawa la chuma mpangilio huo ni wa kutisha: hewa inapoliinua, ncha husokoteka kwenda juu, inashika hewa zaidi, inasokoteka tena, hadi linakatika. Kwenye X-29 tabaka za kaboni zilipangwa ili bawa likikunjwa kwenda juu, ncha isokoteke kwenda chini. Mzigo wenyewe ukawa ndio unaotoa tiba.

Nyenzo za mabawa haya huitwa "erevu". Maana yake nini? Nyenzo inafikiri?

Haifikiri. Neno hilo ni la matangazo zaidi kuliko la maabara. Linamaanisha nyenzo inayobadili umbo, ugumu au umeme wake kwa namna inayotabirika inapopata joto, volti au mzigo. Kompyuta, kama ipo, huwa kando. Kuna zile zinazohisi tu: nyuzi za kioo nyembamba kama unywele zinalazwa ndani ya bawa, mwanga unapitishwa humo, na rangi ya mwanga unaorudi hueleza bawa limevutika kiasi gani na wapi. Hizo hazisogezi chochote, lakini bila hizo bawa linalojipinda lingekuwa kipofu.

Aloi yenye kumbukumbu ya umbo hufanyaje kazi?

Mashuhuri kuliko zote ni Nitinol, mchanganyiko wa nikeli na titani uliotengenezwa na William Buehler kwenye maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950. Tabia yake ya ajabu ilijitokeza kwenye kikao cha mwaka 1961. Kipande kilichokunjwakunjwa kilikuwa kikipitishwa mezani ili watu waone jinsi kinavyovumilia kukunjwa, mmoja wa waliohudhuria akakipitishia moto wa kiberiti cha kiko, na kipande kikajinyoosha.

Ndani yake kuna mpangilio wa atomi wa aina mbili. Kwenye baridi atomi hukaa kwa mpangilio ulioinama, na unapokikunja chuma hicho zinahamia upande mwingine wa kuinama bila kuvunja uhusiano na majirani zao. Ukikipasha joto, zote hurudi kwenye mpangilio ulionyooka, na upo mmoja tu. Ndiyo maana umbo la mwanzo hurudi. Kinaporudi hukivuta chochote kilichofungwa nacho, kwa nguvu kubwa mno kwa ukubwa wake. Waya unaweza kurudisha mvutiko wa hadi asilimia 8, ingawa anayetaka udumu kwa maelfu ya mizunguko huutumia chini sana ya hapo.

Jambo linalowafurahisha wahandisi wa ndege ni kwamba joto la mabadiliko hayo hupangwa kiwandani. Kuongeza au kupunguza nikeli kwa asilimia moja tu ya atomi huweza kulihamisha kwa takribani digrii 100 za Selsiasi. Ukitaka aloi iamke kwenye digrii 80, inatengenezwa hivyo. Ukitaka ilale kwenye baridi ya mwinuko wa safari, hilo pia linawezekana, na tutaliona hapo chini.

Udhaifu wake ni kupoa. Kuipasha kwa umeme ni kazi ya sekunde, lakini ili irudi lazima ipoteze joto, na ndani ya bawa lililofungwa joto haliondoki haraka. Tena hupoteza nishati nyingi: asilimia chache tu ya joto unaloiingizia ndiyo hugeuka kazi. Usiitegemee kutuliza mtikiso wa hewa chafu. Itegemee kwa marekebisho ya dakika na saa.

Kuna nyenzo zenye kasi zaidi?

Seramiki za pizo. Pierre na Jacques Curie walionyesha mwaka 1880 kwamba fuwele fulani hutoa umeme zikibanwa, na kinyume chake pia ni kweli: ukizipa volti, hurefuka. Huitika mara maelfu kwa sekunde. Ila hurefuka kwa takribani sehemu moja ya elfu, maana yake kipande cha mita moja kitakupa milimita moja.

Kituo cha utafiti cha NASA cha Langley kilitengeneza njia ya kuzikata seramiki hizo kuwa nyuzi bapa, kuzilaza sambamba ndani ya utando wa plastiki wenye nyaya, na kupata karatasi inayokunjika ambayo unaweza kuigandisha juu ya bawa. Karatasi hizo huendeshwa kwa volti zinazofika 1,500. Kwenye ndege ndogo zisizo na rubani zinatosha kupinda ukingo wa nyuma na kuiongoza ndege nzima. Kwa bawa la ndege ya abiria zinafaa zaidi kuzima mitetemo midogo kabla haijakua.

Polima zenye kumbukumbu ya umbo nazo zipo. Hulainika zikipashwa joto, zikapindwa, kisha zikapozwa zikabaki hivyo. Zinavutika sana kuliko aloi lakini hazina nguvu ya kusukuma, kwa hiyo hutafutiwa kazi ya ngozi badala ya kazi ya misuli.

Nimesikia kuhusu bamba linalofyatuka kutoka umbo moja hadi lingine. Ni nini hilo?

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu unaweza kulishika mkononi. Chukua tabaka mbili nyembamba za nyuzi za kaboni, moja nyuzi zake zikielekea kaskazini na nyingine mashariki. Zioke pamoja kwenye tanuri la shinikizo kwa digrii 180 hivi. Ndani ya tanuri bamba ni bapa kabisa. Linapopoa, nyuzi za kaboni karibu hazisinyai kwa urefu wao, lakini resini iliyo kati yao husinyaa. Kila tabaka inataka kufupika upande ambao mwenzake amekataa. Ungetarajia litoke na umbo la tandiko la farasi. Hesabu za kawaida za mabamba nazo zilitabiri hivyo. Mtafiti Michael Hyer alionyesha mwaka 1981 kwamba bamba jembamba hutoka likiwa limejiviringa kama kipande cha bomba, na ukilisukuma katikati kwa kidole gumba, linafyatuka kwa mlio na kujiviringa kwa mwelekeo mwingine. Linakaa hapo bila kushikiliwa.

Kwa ndege, faida iko kwenye hilo la "bila kushikiliwa". Nishati inatumika wakati wa kufyatua tu. Mota inayoshikilia flapu dhidi ya upepo saa nzima haihitajiki. Hasara ni kwamba unapata maumbo mawili na si ya katikati, na mfyatuko wa ghafla kwenye uso wa bawa ni jambo ambalo marubani hawatalipokea kwa furaha. Ndiyo maana mabamba haya yanaangaliwa zaidi kwa milango ya kuingizia hewa na sehemu nyingine ndogo zenye hali mbili tu, wazi au imefungwa.

Tatizo gumu kuliko yote ni lipi?

Ngozi. Watu hudhani ni kupata kitu cha kusukuma, lakini vya kusukuma vipo vingi. Ngozi ya bawa inatakiwa ivutike kirahisi inapopindwa, isije ikahitaji mota kubwa. Ngozi hiyohiyo inatakiwa isitikisike hewa inapoinyonya kwa nguvu ya tani kadhaa, kwa sababu kibonyeo kidogo huharibu mtiririko. Na kwenye ndege za leo ngozi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mzigo wa bawa. Laini, ngumu, na yenye nguvu kwa wakati mmoja: madai matatu yanayogombana.

Njia zilizojaribiwa zote huanza na kukubali kwamba ngozi iwe laini upande mmoja tu. Bamba la mikunjo, lililokunjwa kama bati la paa, hufunguka na kujifunga kirahisi kwa kukata mikunjo lakini ni gumu kwa kuifuata. Lakini mikunjo ikielekea hewani inaongeza ukinzani, kwa hiyo huhitaji kufunikwa kwa mpira. Njia nyingine ni sega lenye vyumba vilivyochorwa ili likivutwa kwa urefu lisisinyae kwa upana, juu yake utando wa silikoni.

Watafiti wa vyuo vikuu vya Bristol na Swansea wamefuata mfano wa mifupa ya samaki: uti mmoja mwembamba unaopindika, miiba inayotoka juu na chini yake, na ngozi ya silikoni iliyovutwa kwanza kabla ya kugandishwa. Huko kuvutwa kwanza ndiko kunakoleta ujanja. Ukingo unapoinama, ngozi ya upande wa ndani ingetaka kukunjamana. Kwa kuwa tayari ilikuwa imevutika, inalegea tu na kubaki nyororo.

Njia ya tatu, aliyoishikilia Sridhar Kota wa Chuo Kikuu cha Michigan na kampuni yake FlexSys, ni kuachana na mpira kabisa. Kipande kizima cha muundo, ngozi na mifupa, huchorwa ili kila sehemu ipinde kidogo sana, chini ya kiwango cha kuchoka, na jumla ya mipindo hiyo midogo iwe kubwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia iliyokomaa zaidi, na matokeo ya angani yanaiunga mkono.

Nini kimesharushwa angani, si kwenye michoro tu?

Zaidi ya watu wanavyodhani. Mwaka 2005 Boeing ilirusha 777-300ER yenye meno ya pembetatu kwenye ukingo wa nyuma wa injini, yakiwa na vipande vya aloi ya nikeli na titani ndani. Meno ya aina hii yakiingia kwenye mkondo wa hewa hupunguza kelele wakati wa kuruka, lakini kwenye safari huiba nguvu ya injini. Yale ya majaribio yaliingia na kutoka, ardhini kelele zikapungua na juu hasara ikaondoka.

Flapu za FlexSys zilifungwa kwenye ndege ya NASA aina ya Gulfstream III, zikachukua nafasi ya zile za alumini. Safari ya kwanza ilikuwa Novemba 2014, na kufikia Aprili 2015 ndege ilikuwa imeruka mara 22 zikijaribiwa kati ya digrii 2 juu na digrii 30 chini. Mwanya kati ya flapu na bawa haukuwepo, uso ulikuwa mmoja mfululizo. Inafaa kusema kwamba pembe ilipangwa ardhini kabla ya kila safari, haikugeuzwa angani. Vilivyokuwa vikipimwa ni muundo na mzigo.

NASA ilionyesha pia, Januari 2018, ndege ndogo isiyo na rubani ambayo ncha za mabawa yake zilikunjwa angani hadi digrii 70 kwa aloi iliyopashwa joto, bila mota nzito za kawaida.

Lakini jaribio lililonivutia zaidi ni dogo kuliko yote. Juu ya mabawa mengi kuna vibao vidogo vilivyosimama, ukubwa wa kidole au kiganja, vinavyokoroga hewa ili isibanduke ndege ikiwa taratibu. Vinahitajika wakati wa kuruka na kutua. Kwenye safari ni mzigo wa bure. Mwaka 2019, kwenye ndege ya majaribio ya Boeing aina ya 777-200, vilifungwa vibao vilivyoshikwa na aloi iliyopangwa kuitika baridi. Ndege ilipopanda, hewa ya nje ikapoa, vibao vikalala vyenyewe. Iliposhuka kwenye joto, vikasimama. Hakuna waya, hakuna swichi, hakuna programu wala rubani wa kukumbuka. Hewa yenyewe ndiyo iliyotoa amri.

Mafuta yanaokolewa kiasi gani?

Jihadhari na takwimu moja inayosambazwa peke yake. FlexSys imetaja hadi asilimia 12 kwa ndege iliyochorwa upya tangu mwanzo kwa ajili ya teknolojia hii. "Hadi" na "tangu mwanzo" ndiyo maneno ya kuangalia. Kubandika ukingo unaojipinda kwenye ndege iliyopo huleta asilimia ndogo zaidi. Bado asilimia moja au mbili si kidogo: watengenezaji hupigania sehemu za asilimia moja kwa miaka, na ndege moja ya masafa marefu huunguza makumi ya tani kwa safari.

Faida nyingine iko kwenye uzito. Bawa linaloweza kugeuza ukingo wake upepo mkali unapolipiga huutawanya mzigo kabla haujafika shinani, hivyo mifupa yake yaweza kuwa myepesi. F/A-18 ya NASA iliyopewa ngozi laini zaidi ya mabawa na kurushwa kati ya 2002 na 2005, baadaye ikaitwa X-53, ilitumia kusokoteka kwa bawa kama nyenzo ya kuiongoza ndege. Kile kilichokuwa kikiogopwa tangu kasi ya ndege ilipoongezeka kilipewa kazi.

Kama ni nzuri hivyo, kwa nini abiria hawajaipanda?

Kwa sababu mamlaka za usafiri wa anga haziridhiki na jambo kufanya kazi. Zinataka kujua litavunjika vipi. Hitilafu yoyote inayoweza kuangusha ndege ya abiria lazima uwezekano wake uwe chini ya mara moja kwa saa bilioni moja za kuruka, na isisababishwe na kifaa kimoja tu kufa. Flapu ya kawaida ina historia ya miongo ya kuchakaa inayojulikana. Ngozi ya silikoni iliyokaa miaka 20 ikipigwa jua la mchana uwanjani na baridi ya digrii 56 chini ya sifuri juu haina historia hiyo.

Ongeza barafu. Mitambo mingi ya kuiondoa hupuliza hewa ya moto ya injini ndani ya ukingo wa mbele wa chuma, na polima haipendi kutendewa hivyo. Ongeza radi, ambayo hupiga kila ndege ya abiria kwa wastani mara moja hivi kwa mwaka na huhitaji njia ya chuma ya kupita. Ongeza ndege hai mwenye uzito wa kilo 1.8, ambaye kanuni zinataka bawa limpokee kwa kasi ya safari na bado ndege itue salama. Ukingo wa mbele laini unaopita jaribio hilo ni kazi ngumu kweli. Na juu ya yote kuna flata, mtetemo unaojilisha kutokana na hewa, ambao bawa laini hukaribia kuliko gumu.

Ncha za mabawa za Boeing 777X zinazokunjwa ni teknolojia hii?

Hapana. Hizo ni bawaba, kufuli na mota, na hukunjwa ardhini tu. Zinaipunguza ndege kutoka mita 71.8 hadi 64.8 ili itoshe kwenye maegesho yenye kikomo cha mita 65.

Umeme ukikatika angani, bawa litageuka nini?

Inategemea lilivyochorwa, na hili ndilo swali la kwanza anapaswa kulijibu yeyote anayeuza wazo kama hili. Muundo unaopindika bila bawaba una tabia ya kurudi kwenye umbo lake la mapumziko, kwa hiyo mchoraji mwenye akili huliweka umbo hilo liwe lile ambalo ndege inaweza kutua nalo. Aloi ikipoa hulegea, na chemchemi ya muundo hulirudisha bawa. Bamba la hali mbili hubaki pale lilipokuwa.

Yale mabawa yaliyojengwa kwa vipande vidogo yakoje?

Mwaka 2019 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani na NASA walionyesha bawa lililounganishwa kwa maelfu ya vipande vidogo vinavyofanana, kila kimoja kikiwa fremu tupu ya vijiti. Uzito wake ulikuwa kilo 5.6 kwa mita ya ujazo, ilhali mpira wenye ugumu unaolingana una takribani kilo 1,500. Kwa kupanga vipande vya ugumu tofauti mahali tofauti, bawa zima hujipinda lenyewe hewa inapobadilika. Ni kazi nzuri ya utafiti. Kuunganisha maelfu ya vipande kwa mkono si uzalishaji, na wenyewe walikuwa wakitazamia roboti ndogo zifanye kazi hiyo.

Fundi atakaguaje na kutengeneza bawa la namna hii?

Kompositi ya kawaida tayari ina hila: inaweza kupigwa na kifaa kilichodondoka, juu isionyeshe kitu, ndani tabaka zikawa zimeachana. Hukaguliwa kwa mawimbi ya sauti, na kwa kugongwagonga huku sikio likisikiliza palipo na mlio mfu. Bawa lenye nyaya za aloi, karatasi za pizo na nyuzi za mwanga humo ndani huongeza ugumu wa ukarabati, maana huwezi kukata duara la ngozi na kubandika kiraka bila kukata mishipa. Upande mwingine, nyuzi zile za mwanga zinaweza kumwambia fundi pa kuanzia kabla hajashika nyundo.

Kipi kitaingia kazini kwanza?

Nikiulizwa mimi, ni vitu vidogo visivyobeba mzigo wa bawa na ambavyo vikikwama ndege inaendelea na safari yake: vibao vya kukoroga hewa, meno ya injini, vifuniko vya kujaza mianya kati ya flapu na mwili wa ndege. Baada ya hapo ukingo wa nyuma wenye miendo ya digrii chache, ukifungwa nyuma ya flapu ya kawaida ambayo bado inajua kazi yake. Ukingo wa mbele utachelewa kwa sababu ya barafu na ndege hai.